Uwanja wa Jumbe Ngiri

"Paukwa!"

"Pakawa!"

"Nani huyo kaitikia kama amekabwa koo? Na ninyi watu wazima pia. Paukwa!"

"Pakawa!"

Haya. Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na mji wao, ukiitwa Bondeni. Kila wiki kila nyumba ilitoa mchimbaji mmoja kwenda kuchimba lambo la mji. Chimba, tupa! Chimba, tupa! Lambo likiisha, kiangazi kitapita na watoto watakunywa. Hodari kuliko wote alikuwa Bi Nguchiro, mama wa watoto sita, muuza kumbikumbi sokoni. Umbo dogo, lakini akishika jambo, kashika.

Siku moja Jumbe Ngiri akaita mkutano.

"Ndugu zangu, tuache lambo kwanza. Tujenge uwanja wa mpira kule kilimani, nje ya mji. Wageni watamiminika! Watakula sokoni kwetu, watalala kwetu. Uwanja wetu!"

"Wetu!" wakaitikia wanyama.

Bi Nguchiro akasimama. "Mheshimiwa, kiangazi kinakuja. Na kilimani ni mbali. Huyo mgeni atafikaje sokoni?"

"Mama, wewe hupendi maendeleo," akasema Ngiri.

Wanyama wakacheka, kwa kwa kwa! Bi Nguchiro akakaa. Kicheko kile kilimuuma sana.

Majembe yakahamia kilimani. Chimba, tupa! Misimu miwili mizima. Bi Nguchiro alishika zamu yake kama wengine, kisha jioni akashuka lamboni kuchimba peke yake.

Uwanja ukaisha. Nisiwe mchoyo wa sifa: ulipendeza! Nyasi laini, utamani kuzilalia. Siku ya kwanza Swala wakacheza na Nyani. Langoni kasimama Kifaru.

"Kibaba cha mtama, ndipo uingie."

"Lakini tumeujenga sisi!"

"Kibaba."

Wakatoa, na mtama ukaenda ghalani kwa Ngiri. Wageni nao walikuja, kweli walikuja. Walipita njia ya juu, wakala mihogo ya Fisi, shemeji yake Ngiri, humo humo ndani, wakarudi kwao kwa njia ile ile ya juu. Sokoni Bi Nguchiro alikaa na ungo wake mpaka jua likazama. Hakununua mtu.

Kiangazi kikaingia. Jua kali, kali kweli! Nyasi za uwanja zikaanza kunyauka. Ngiri akapiga mbiu: "Kila nyumba ichote mtungi wa maji lamboni, ipeleke kilimani. Uwanja wetu unakauka!"

Na lamboni maji yalifika magotini tu. Bi Nguchiro alipouona mtungi wa kwanza ukiinama, aliwawaza wanawe sita. Akasimama ukingoni, manyoya yamemsimama.

"Hapa hayatoki maji."

"Ni amri ya Jumbe," akasema Punda, mwenye mtungi.

"Basi twendeni kwa Jumbe tukamuulize neno moja. Twendeni wote."

Wakaenda mji mzima, kwatu kwatu kwatu, hadi kwenye lango la uwanja. Ngiri akatoka.

"Mheshimiwa," akasema Bi Nguchiro, "uwanja huu ni wa nani?"

"Si nilishasema? Wetu sote!"

"Ahsante. Kifaru, fungua. Tunaingia kwetu. Kuanzia leo hakuna kibaba."

Wanyama wakasukuma lango. Kri! Kri! Kri! Ngiri akaona mtama unamponyoka. Hasira zikampanda.

"Tokeni! Uwanja wangu huu! Wangu!"

Wanyama wakaliachia lango.

"Basi," akasema Bi Nguchiro, "kama nyasi ni zako, na maji ya kuzimwagilia katafute mwenyewe."

Akageuka, akashuka kilima. Mmoja mmoja wakamfuata, na siku hiyo hiyo majembe yakarudi lamboni. Lakini misimu miwili ilikwisha kwenda. Mwaka ule kila mtoto wa Bondeni alikunywa kata moja ya maji kwa siku, moja tu, na wazazi wakitazama kwa aibu. Hakufa hata mmoja. Bi Nguchiro alisimama pale ukingoni akigawa kwa mkono wake, mpaka mvua ya kwanza.

Sikilizeni basi, wadogo kwa wakubwa. Mpira hauna ubaya. Lakini mtu akikuomba jasho kwa kitu anachokiita chetu, muulize kabla hujashika jembe: siku kikiisha, lango atalifungua nani?

Hadithi yangu imekomea hapo. Mwenye kiu akanywe, ila awabakishie wenzake.