Mwenge wa Tatu wa Mwanakheri

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa mwanamke kijana, Mwanakheri, na mwanawe mchanga, Kombo. Mume kaenda kuchuma karafuu, na kijiji kizima kinanong'ona: zimwi linaiba watoto, linakuja na sura ya mtu wa nyumbani, na ni mwanga tu unaolifichua.

Basi Mwanakheri akashika kazi ya kutengeneza mienge. Akakata mianzi, akaacha fundo la chini lishike mafuta, akamimina ya nazi, akasokota tambi za kanga kuukuu. Anasokota, anageuka nyuma. Anasokota, anamtazama mtoto. Anasokota, anasikiliza kichaka.

Siku moja jua linazama, mienge mitatu imeshachomekwa uani, bado kuwashwa tu.

"Hodi!"

"Karibu... nani?"

"Mama mkwe wako, Bi Mashavu. Nipe mjukuu wangu nimpakate, wewe umalize kazi yako."

Sauti ya mkwe, kanga ya mkwe, hata tambuu shavuni. Lakini Mwanakheri akambeba mtoto mgongoni.

Akawasha mwenge wa kwanza. "Ngoja kidogo, mama."

"Mienge yote hii ya nini? Mmoja watosha. Nipe mjukuu wangu."

Akawasha wa pili. "Ngoja kidogo, mama."

"Moshi utamkohoza mtoto! Nipe mjukuu wangu!"

Mjukuu? Mjukuu? Tangu Kombo azaliwe, Bi Mashavu hajamwita mjukuu hata siku moja! Humwita "mume wangu," na Mwanakheri huitwa naye "mke mwenza," wakacheka wote.

Basi akaung'oa mwenge wa tatu, akauwasha, akamzunguka mgeni upesi upesi. Lo! Kisogoni kinywa cha pili, kimeachama, kinadondosha mate!

Akausokomeza mwenge humo humo. Zimwi likalia uuuu! likatokomea kichakani, na halikuonekana tena.

Hajatulia, mara:

"Hodi! Mume wangu yuko wapi? Na wewe mke mwenza, mienge yote hii, mnafanya harusi nisiyoalikwa?"

Mwanakheri akacheka, machozi yanamtoka. Lakini mtoto hakumtoa.

"Karibu, mama. Kwanza nigeuzie kisogo."

Hadithi yangu imeishia hapo, uani kwa Mwanakheri, mienge ikiwaka. Nanyi wanangu, mtu akikukatazeni kuwasha taa, hapo ndipo muiwashe, mumtazame vizuri.