Lugha Nne kwa Pumzi Moja

Kumshauri Vainqueur kulikuwa sawa na kumpigia mbuzi gitaa ukitegemea acheze. Mdogo wake, Raïssa, alikuwa amemweleza jambo lilelile kwa upole, kwa ukali, na siku moja kwa machozi kabisa. Kila mara Vainqueur aliitikia kwa kichwa, akasema amesikia, kisha akarudi kwenye kompyuta yake na kufanya vilevile. Raïssa alifika mahali akawa hamwombi Mungu utajiri wala mume. Aliomba subira tu, na hata hiyo aliona inachelewa.

Ndugu hawa wawili walitoka Bukavu wakiwa wadogo, wakakulia katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa. Hapo walisoma, na hapo walijifunza kuandika programu, katika chumba chenye kompyuta chache na vumbi jingi. Walipendana kama chanda na pete, na wazazi wa kambini walipenda kuwatolea mfano. Hata hivyo, Vainqueur ndiye aliyekuwa mkubwa, na kwao neno la mkubwa halikanushwi mbele ya wageni.

Sasa bahati ilikuwa imebisha hodi. Zahanati moja huko Chinsapo, pembezoni mwa jiji la Lilongwe, ilipokea wagonjwa wengi kutoka kambini, ilhali wauguzi wake hawakujua Kiswahili wala Kirundi. Muuguzi mkuu, mama wa makamo aliyeitwa Mai Kachale, alisikia sifa za ndugu hawa, akawaomba watengeneze programu ya kuwatafsiria wagonjwa maelekezo ya dawa. Programu ikifaa siku ya majaribio, wangeajiriwa wote wawili, na zahanati ingewaombea kibali cha kukaa mjini. Kwa Raïssa kibali hicho kilikuwa kila kitu. Ujana wake wote ulikuwa unapita ndani ya kambi moja, naye alikuwa amechoka, tena amechoka kwelikweli.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Muuguzi angeandika maelekezo kwa Kiingereza, programu ingeyatuma kwa modeli ya akili bandia iliyokuwa kwenye seva za mbali, ng'ambo ya bahari, modeli ingetafsiri, na kompyuta ingemsomea mgonjwa kwa sauti. Kisiki kilikuwa ombi aliloliandika Vainqueur. Aliitaka modeli itoe tafsiri kwa Kiswahili, Kirundi, Kinyarwanda na, kwa ajili ya heshima, Kifaransa, zote kwa mpigo mmoja. Kila lugha iwe na salamu zake, maelezo yake na muhtasari wake. Tena jibu zima lifike likiwa limekamilika ndipo neno la kwanza lisikike.

Jibu la ombi kama hilo lilikuwa refu kuliko mahubiri ya Pasaka. Modeli ilikaa ikiliandaa, na muda wote huo hapakuwa na hata herufi moja iliyopita kwenye laini. Mtandao nao, au rezo kama walivyouita wao, ulikuwa na tabia yake: laini ikikaa kimya mno, huhesabiwa imekufa, nayo hukatwa. Ikikatwa, jibu lote hupotea na programu huanza tena toka mwanzo, kama mtu anayeteka maji kwa ndoo iliyotoboka.

"Yaya," Raïssa alimwambia, akimwita kama watu wa Bukavu wanavyomwita ndugu mkubwa, "kuko kitu kimoja tu cha kuongeza mu ombi. Unaiambia modeli: usingoje umalize, kila kipande unapata, tuma. Bipande binaanza kuingia palepale, laini haikae kimya, rezo haikate. Na hata ikikata, bile bilishafika binabakia."

"Na mutu asikie jibu nusu?" Vainqueur aliuliza. "Kipande kimoja kiseme 'acha dawa', rezo ikate, kile chenye kinasema 'kama tumbo inakuuma' kibakie kule Ulaya? Utaua bantu, we mutoto."

Hoja hiyo ilikuwa na uzito, na Raïssa hakuipuuza. Alikaa chini akaandika toleo lake mwenyewe la programu. Ndani yake, vipande vilikusanywa mpaka nukta ifike, na sentensi nzima ndiyo iliyosomwa. Laini ikikatika, kompyuta ilimwambia mgonjwa kwamba maelekezo hayajaisha, asiondoke, kisha ikaomba yaendelezwe pale yalipoishia. Toleo hilo lilitumia lugha moja tu, ile ya mgonjwa aliyeketi mbele ya muuguzi. Alilijaribu kambini kwenye mtandao uleule mbovu, likafika mwisho salama. Akampelekea kaka yake, uso umemjaa tabasamu.

Vainqueur alilitazama, akalisifu, kisha akauliza, "Na Barundi?"

"Barundi banafanya nini?"

"Batasikia saa gani, kama Kiswahili imetangulia?"

Hapo ndipo ulipokuwa mzizi wa fitina. Mwaka uliotangulia, kanisani kwao, lilitoka tangazo kwamba sabuni zingegawiwa baada ya ibada. Vainqueur, aliyekuwa mkalimani wa kanisa, alilisoma kwanza kwa Kiswahili. Kabla hajaligeuza kwa Kirundi, Wakongo walikuwa wameshapanga foleni mpaka nje ya uzio, na Warundi wakarudi makwao mikono mitupu. Maneno yaliyofuata hayakuisha upesi, na mengi yalimwangukia yeye. Tangu siku ile, matangazo yalitolewa na wakalimani wote kwa pamoja, kila mmoja mbele ya benchi za watu wake. Mchungaji aliinua mkono, nao wakaanza kusema wote. Ilikuwa kelele tupu, lakini hakuna aliyetangulia. Vainqueur aliapa kwamba hatampa mtu neno kabla ya mwenzake tena, si kanisani, si kwenye kompyuta.

"Lakini yaya, mugonjwa ni moja!" Raïssa alipaza sauti. "Iko yeye peke yake pa kiti, na luga yake ni moja. Mrundi gani anamungojea pale? Na mahubiri, je? Kila dimanshi mu kanisa unatafsiri sentensi kwa sentensi, na hakuna mwenye analalamika!"

"Mahubiri haiko sabuni," Vainqueur alijibu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Siku ya majaribio ilipowadia, walipanda kabaza, zile baiskeli za kubeba abiria, mpaka barabara ya lami, kisha wakachukua minibasi ya Lilongwe. Njiani Raïssa alimuuliza kaka yake watatumia toleo lipi. Vainqueur alisema matoleo yote yapo, asiwe na wasiwasi. Jibu hilo lilimtia wasiwasi zaidi.

Zahanati ilikuwa imejaa. Daktari mwenye madaraka alisimama pembeni, mikono kifuani, sura ya mtu anayesubiriwa kwingine. Mgonjwa wa majaribio alikuwa mama Orpa, mkulima wa zamani kutoka Fizi aliyeishi Dzaleka, mwenye shinikizo la damu. Alikuwa ameshika pakiti mbili mapajani, moja ya vidonge vyeupe vya zamani na moja ya dawa mpya aliyopewa asubuhi ile. Mai Kachale aliandika maelekezo. Vainqueur akabonyeza, akajiweka sawa na kutabasamu kama bwana harusi.

Duara la kusubiri lilizunguka. Likazunguka. Mama Orpa aliinama kuisogelea kompyuta, akidhani ni yeye asiyesikia vizuri. Ghafla likatokea andiko kwamba laini imekatika.

"Bado kidogo," Vainqueur alisema, na programu ikaanza upya.

Laini ilikatika tena, kisha tena. Jasho lilianza kumtiririka Vainqueur shingoni. Nje, wagonjwa walianza kunung'unika, na mtoto mmoja akaangua kilio. Raïssa aliinama sikioni mwa kaka yake.

"Yaya, nakuomba. Tumia yangu."

"Nyamaza. Iko karibu."

Raïssa alinyamaza. Maji ya macho yalimlenga kwa hasira, lakini wageni walikuwepo na mkubwa alikuwa amesema. Alilitazama lile duara likizunguka na kuona kibali chake kikizunguka pamoja nalo. Daktari alishusha mikono, akamwambia Mai Kachale kwamba kitu hiki hakifanyi kazi, akatoka bila kugeuka nyuma.

"Zikomo," Mai Kachale aliwaambia kwa sauti ya kuchoka, akiwashukuru kwa Chichewa. "Mmejaribu. Nina wagonjwa."

Walipotoka, mama Orpa aliwafuata hadi kwenye benchi la nje, pakiti moja katika kila mkono.

"Batoto yangu," aliuliza, "sasa mi nimeze gani?"

Safari hii Raïssa hakumwomba mtu ruhusa. Aliichukua kompyuta kutoka mikononi mwa kaka yake, akafungua toleo lake na kuyatuma maelekezo yaleyale. Hawakusubiri. Sauti ilianza kusoma kwa Kiswahili: "Mama, kuanzia leo acha vidonge vyeupe." Ikapumzika kidogo, ikaendelea: "Dawa mpya, meza kidonge kimoja kila asubuhi baada ya kula." Hapo laini ikakatika, kama kawaida yake. Kompyuta ikasema maelekezo hayajaisha, tafadhali usiondoke. Mama Orpa akatulia, nayo ikaendelea: "Ukisikia kizunguzungu, rudi zahanati haraka. Hayo ndiyo maelekezo yote."

"Kumbe!" Mama Orpa aliitupa pakiti ya vidonge vyeupe kwenye benchi kana kwamba imemuunguza. "Na mi nilikuwa nitameza zote mbili!"

Mai Kachale alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa ametoka kumwita mgonjwa mwingine, naye aliona yote. Aliuliza mama huyo amesema nini, na Raïssa akamfasiria kwa Chichewa. Muuguzi aliiokota ile pakiti kwenye benchi.

"Mbona hii hamkunionyesha kule ndani?"

Vainqueur aliangalia viatu vyake.

"Sikieni," Mai Kachale alisema. "Daktari ameshakataa, na zile nafasi mbili siwezi kuzirudisha. Lakini mimi nina uwezo wa kumchukua mtu mmoja kwa majaribio, na kibali chake nitakifuatilia mwenyewe. Mtu mmoja, na hii programu ya Kiswahili. Lugha nyingine tutaziongeza baadaye tukiona inakwenda."

Moyo wa Raïssa uliruka. Kabla hajafungua kinywa, kaka yake alikuwa ameshasimama mbele yake.

"Hapana, Mai," Vainqueur alisema. "Ni lugha zote nne, na ni sisi wote wawili. La sivyo, basi."

Raïssa hakuamini masikio yake. Ameyaona makosa yake yakimwumbua hadharani, jasho bado halijamkauka, na bado anataka yote! Mai Kachale alimtazama Vainqueur jinsi mtu anavyomtazama mwenye kiu anayekataa kikombe cha maji kwa sababu hakuletewa pipa.

"Basi," alisema, akageuka kurudi ndani.

"Mai!" Raïssa aliita. Sauti yake ilimshtua hata yeye mwenyewe. "Mimi nakubali. Lugha moja, mtu mmoja. Nakubali."

"Raïssa!" Vainqueur alifoka. "Mi njo mukubwa, na mi nimeshasema!"

"Umesema, yaya," Raïssa alijibu, machozi yakimtoka sasa bila aibu. "Toka mwaka jana uko unasema, na mi niko nanyamaza. Pale ndani nilinyamaza, na kidogo mama wa bantu ameze dawa mbaya. Mi nakupenda, yaya, lakini sitanyamaza tena."

Mama Orpa alimshika mkono akamsukuma polepole kuelekea mlangoni. Raïssa aliingia. Akiwa ndani ya ukumbi, aliegemea ukuta akalia kwanza kwa hasira, kisha kwa furaha, na mwishowe hakujua analilia lipi. Vainqueur alibaki kwenye benchi mpaka jua likapoa, akingoja waje kumbembeleza. Hakuna aliyekuja. Akapanda minibasi ya kurudi Dowa peke yake.

Miezi ilipita. Kibali cha Raïssa kilitoka, akapanga chumba kidogo hukohuko Chinsapo. Kiswahili kilipokwisha kuzoeleka, aliongeza Kirundi, kisha Kinyarwanda, kila moja kwa zamu yake, na hakuna Mrundi hata mmoja aliyelalamika kwamba amechelewa. Alimwandikia kaka yake mara kwa mara amsaidie, na kaka yake alimjibu kwamba yuko mbioni kukamilisha programu kubwa kuliko hiyo, yenye lugha kumi, itakayotoa majibu yote kwa pamoja. Mpaka leo Vainqueur yumo Dzaleka, hana kazi, hana kibali, na duara lake bado linazunguka. Dada yake akimkumbuka, huhema, hutikisa kichwa na kusema lile ambalo wahenga walikwisha kulisema: mtaka yote kwa pupa hukosa yote.