Ndoo ya Afisa Mikopo

Nyumba ya Bi Semeni ilikuwa na rehani mbili: ya benki mbele, ndiyo ya kulipwa kwanza; ya halmashauri, iliyomkopesha mabati, nyuma yake. Riba ilipomlemea, benki nyingine ikakubali kuulipa ule mkopo wa kwanza kwa riba nafuu, mradi ikae palepale mbele. Ilibaki Lukumbuzya, afisa mikopo wa halmashauri, aridhie kubaki nyuma.

“Wa mbele akiondoka, wa nyuma husogea,” alisema Lukumbuzya. “Labda unipe kile chumba cha barazani, mke wangu afungue saluni.”

Semeni akaomba muda wa kufikiri.

Jumamosi watu walipanga ndoo bombani mapema, maana maji hukatwa saa nne. Lukumbuzya alikuwa mbele ya Semeni.

“Ndoo yako imetoboka, baba,” Semeni akamwambia.

Lukumbuzya akakimbilia nyingine. Aliporudi, akakuta ndoo ya Semeni imeshika nafasi yake.

“Bi Semeni, hapo pangu.”

“Wa mbele akiondoka, wa nyuma husogea.”

“Nimebadilisha ndoo tu. Nafasi ni ileile, waulize hawa.”

Foleni nzima ikasema ndiyo desturi.

Semeni akafungua pindo la kanga, akatoa karatasi ya ridhaa na kalamu. “Mimi nami nimebadilisha benki tu. Tia sahihi, nirudi nyuma.”

Watu walikuwa wakimtazama, na maji yameanza kupungua. Lukumbuzya akatia sahihi juu ya kitako cha ndoo mpya.

Nyumbani, Semeni alifungua tena pindo lile, akatoa msumari, akaugongomea kwenye bati la halmashauri alikoung'oa alfajiri.