Ukuta wa Nyati na Kilio cha Pimbi

Hadithi ije, isije?

Ije!

Ije kwa kutembea au kwa kukimbia?

Kwa kukimbia!

Haya, ikimbie, maana mimi mwenyewe leo situlii. Toka asubuhi nayaangalia mawingu yale, nakaa, nasimama, nakaa tena. Mbwana, acha kuuvuta mkeka. Hadithi yenyewe ni ya mvua, na nataka tuimalize kabla hatujalowa.

Hapo kale, kwenye mlima mmoja mkali, aliishi Nyati. Nyumba yake ilikuwa juu. Chini yake, katikati ya mawe, aliishi Bi Pimbi, mjane mwenye watoto watano, kitindamimba hata meno hajaota.

Nyati alikuwa na uwanja mkubwa. Ungeweza kucheza ngoma mbili pale na wachezaji wasigongane. Lakini yeye aliuona mdogo. Basi akawa anachimba mlima kwa nyuma, ti! ti! ti! Udongo anausukuma mbele, poromoo! Kesho yake anachimba tena, ti! ti! ti! Anausukuma mbele, poromoo! Uwanja ukapanuka kweli. Ila ule udongo mpya haukuwa umeshikwa na kitu chochote. Ulikaa juu ya paa la Pimbi kama ugali uliowekwa ukingoni mwa sahani.

Na masika yanakuja. Mawingu hayo hapo.

Pimbi akachukua mkungu wa ndizi, akapanda kwa Nyati. Akaamkia vizuri, shikamoo jirani, akaulizia afya yake, akaulizia na ng'ombe zake, ndipo akamwomba ajenge ukuta wa kuuzuia udongo. Akamweleza kwamba mvua ikinyesha mara moja tu, watoto wake watafukiwa.

Nyati akala ndizi zote, na maganda.

"Kwani mlima nimeuumba mimi?" akasema. "Kama unaogopa, hama."

Ahame aende wapi? Pimbi akarudi nyumbani, hakukaa. Akaingia, akatoka. Akatazama juu, akaingia. Akawahesabu watoto, akatoka tena. Kila kidonge cha udongo kikidondoka, tu! moyo unaruka. Hapo ndipo alipoangalia kile kidonge na kukumbuka jambo.

Mlima ule ulikuwa na desturi yake. Kitu kikiporomoka kikaingia kwa mwenzio, kiwe jiwe, kiwe boga, kiwe udongo, basi ni chake. Kwenda kukidai ilikuwa aibu ya mwaka mzima.

Kesho yake Nyati alipoanza, ti! ti! ti! poromoo! akasikia sauti huko chini. "Asante jirani. Shusha tena."

Akachungulia. Akamwona Pimbi na ungo, anauzoa ule udongo, anautandaza, anapanda maboga. Nyati akasukuma mwingine, poromoo! "Asante jirani. Shusha tena." Siku ya tatu Pimbi akamtumia salamu kupitia kwa ndege Kwale, kwamba udongo wa jirani una rutuba sana, Mungu ambariki, na kwamba kwa mwendo huu hadi mwisho wa masika uwanja wote utakuwa umeshamfikia.

Roho ikamuuma Nyati, jamani. Ilimuuma hadi akashindwa kucheua. Udongo wake mwenyewe, jasho lake mwenyewe, unaotesha maboga ya Pimbi! Hapo hapo akatangaza kwamba anajenga ukuta, na hakuna hata punje moja itakayoshuka tena.

Pimbi akafurahi mno, na furaha ndiyo iliyomponza. Akapanda mbio, akasahau ujanja wake wote, akaropoka, "Jirani, anza na mawe makubwa chini."

Nyati akamtazama. Huyu mama ana nini na ukuta wangu? Akaguna, na siku nzima akapanga mawe madogo chini, makubwa juu. Mnaona kazi hiyo? Sasa Pimbi kichwani pake hana udongo tu, ana na majabali. Ngurumo ikapiga mbali, ngrrr. Mimi ningezimia. Yeye alijipiga kofi la mdomo, akapanda tena, safari hii akiwa na tabasamu.

"Nimekuja kushukuru," akasema. "Hivyo vijiwe vya chini wanangu watavichomoa bila shida. Tulikuwa tunatafuta mawe ya jikoni."

Nyati akaubomoa ukuta wote. Bwaga! bwaga! bwaga! Akaanza upya, makubwa chini.

Tangu hapo Pimbi akajua njia. Akawa anapanda kila asubuhi, anapiga magoti, anabembeleza.

"Nakuomba jirani, usichimbe msingi, utanitikisia nyumba." Nyati akachimba hadi udongo ukaisha, akagonga mwamba.

"Nakuomba jirani, ukuta uinamie kwangu, unipe kivuli." Nyati akaulaza nyuma, ukaegemea mlima.

"Nakuomba jirani, zile kokoto ulizochimbua nipe mimi, nitandaze mlangoni." Nyati akazimwaga zote nyuma ya ukuta, chakacha! chakacha! hata moja hakumwachia.

Likabaki jambo moja, na ndilo lililokuwa linamwasha Pimbi mwili mzima. Ukuta usio na matundu hauna maisha. Maji yatajaa nyuma, yatasukuma, na siku utakayokwenda, utakwenda wote kwa mkupuo. Akapanda mara ya mwisho, akalia machozi ya kweli, maana matone ya kwanza yalishaanza, to, to, to.

"Nakuomba jirani, usiweke matundu. Maji ya uwanja wako yatanimwagikia mimi."

Nyati akacheka hadi mkia ukacheza. Akatoboa matundu chini, akatoboa katikati, akatoboa na ya nyongeza usawa kabisa wa mlango wa Pimbi. Pimbi akashuka analia. Alipofika chini akachukua jembe, akachimba mfereji haraka haraka, wa kuyapitisha maji kando ya nyumba hadi kwenye maboga.

Mvua ikaja. Si mvua, jamani, ni mbingu imepasuka. Waaaa! Mlima mzima unatiririka. Nyuma ya ukuta maji yakashuka kwenye kokoto, yakatafuta njia, yakatoka kwenye matundu. Chururu! chururu! Yakaingia mferejini, yakaenda zake. Ukuta ukasimama. Watoto watano ndani, wakavu, wanakula boga la msimu uliopita, la kuchemsha.

Lakini Nyati huko juu hakutulia. Alikuwa amekaa kibarazani, ametega masikio, anangoja kilio. Kimya. Akangoja. Kimya. Akaanza kuwaza. Kama maji hayamuumizi Pimbi, mbona nampa ya bure? Akachonga kigingi, akateremka kwenye mvua, akaziba tundu la kwanza, kong! kong! kong! Akaziba la pili. Akachonga kigingi cha tatu.

Pimbi akasikia ukuta unanguruma. Akatoka, akaona jiwe moja linasogea kidogo kidogo, kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Maji yalikuwa yamesimama nyuma yake. Akawaangalia wanawe, akaangalia jiwe, akafungua kinywa, akapiga ukelele ambao mlima ule haujawahi kuusikia.

"Nakufa mie! Maji ya Nyati yananiua! Zibeni, nawaomba zibeni!"

Nyati akasimama, kigingi mkononi. Lo, raha iliyomwingia! Akavichomoa vile viwili, pwaa! maji yakafumka. Akaongeza na tundu jipya kwa pembe yake mwenyewe. Kisha akapanda kulala, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akalala bila kugeukageuka.

Jiwe likatulia mahali pake.

Lakini Pimbi akaelewa kwamba akinyamaza tu, vigingi vitarudi. Basi mvua ikianza, anaketi mlangoni na kulia. Ikinyesha wiki, analia wiki. Amewafundisha na watoto, wanapokezana, mmoja analia mwingine anakula. Hadi leo nendeni kwenye mawe mtawasikia. Wapita njia wanaguswa, wanasema maskini, viumbe wale wana shida. Na wao huku nyumba kavu.

Mafunzo sasa, kaeni vizuri. La kwanza, choyo ni kibaya sana. Kilimfanya Nyati ajenge ukuta imara kuliko kuta zote mlimani, ukauokoa uwanja wake mwenyewe. Tahadharini nacho. La pili, ukimsikia jirani yako analia wakati wa mvua, usiende kumsaidia, waweza ukamuua.

Hadithi yangu imeteremka, imefika bondeni. Aliye juu ashuke, aliye chini ajipanguse. Na ninyi ingizeni nguo ndani, kumeshaanza kunyesha. Mbwana, nyamaza nisikie. Haya, mbona leo pimbi hawalii?