Siwa Yenye Ufa

Nipeni masikio, ulimi ninao. Na wewe pale unayependa kujibu kabla hujaulizwa, leo nyamaza mpaka mwisho, maana hata mimi jibu sina.

Mji wa Tundwe ulikuwa na watu watatu wa kukumbukwa. Zaharia alikuwa somo wa maharusi, mwenye kuwafunda na kuwasindikiza. Aliwapitisha nyumba hadi nyumba kwa wikio, yale madaraja yaliyofunikwa yanayounganisha ghorofa juu ya vichochoro, ili mguu wa bibi harusi usikanyage njia. Nyumba zote alizijua akiwa amefumba macho.

Mzaki alikuwa mwashi wa mawe na chokaa. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na moyo wake mwepesi zaidi.

Kae alikuwa mpiga siwa, lile baragumu la pembe ya ndovu. Siwa ikilia, desturi ilikuwa moja: kila mtu husimama, huweka chini alichoshika, hatikisiki mpaka inyamaze.

Vikaja vita. Watu wa Kiwao, mji jirani, waliiteka Tundwe yote isipokuwa mtaa mmoja. Humo walibanana watu mia tatu katika nyumba saba, askari wakiwa wameziba kichochoro huku na huku. Kisima kilibaki tope. Watoto walilamba kuta kutafuta unyevu. Amiri wa Kiwao alikaa nyumbani kwa jumbe, mkuu wa mji, hatua hamsini tu, akingoja kiu imfanyie kazi.

Zaharia akasema, "Wanangu, mnahangaika na njia ya chini. Kwa wikio tunafika mpaka chumbani mwa jumbe."

"Lile la nne nililiziba," akajibu Bwana Madi, aliyegombana na shemeji yake miaka kumi nyuma. "Ukuta wa chokaa ule."

Mzaki akainamisha kichwa. "Nisamehe, Bwana. Mkeo na dada yake walinililia wasitenganishwe. Mawe niliyaunga kwa udongo mtupu, chokaa nikapaka juu juu."

Angesema hayo mwaka uliopita, asingejenga tena Tundwe. Sasa Bwana Madi akampa mtaimbo yeye mwenyewe.

Asubuhi wakaingia watu ishirini, Zaharia mbele akipapasa. Dari iligusa visogo. Nyuma wenzao, mbele ukuta, na chini ya sakafu askari wanacheka. Mzaki akauchokonoa udongo kwa kucha, maana mtaimbo ungesikika, jiwe baada ya jiwe, mpaka vumbi likamwangukia askari mmoja kichwani.

"Nani huko juu?" Akainua bunduki.

Kae alikuwa amejibanza paani akiangalia. Hakuagizwa na mtu. Akasimama wima, wazi kwa bunduki zote, akapuliza siwa.

Basi watu wa Kiwao nao walilelewa kwa desturi ileile! Yule askari aliweka bunduki chini kabla hajakumbuka yuko vitani. Kichochoro kizima kikasimama. Ukuta ukaanguka bila kusikika, na wale ishirini, wakiivunja desturi kwa mara ya kwanza, wakamkuta amiri amesimama, upanga uko mkekani. Alipozinduka, kisu kilikuwa shingoni. Akaamuru jeshi lake liondoke, na tangu siku hiyo Kiwao haikushinda tena.

Lakini askari mmoja wa kukodiwa, mgeni asiyejua desturi, alifyatua risasi. Ilipasua siwa, ikaingia kifuani mwa Kae.

Nyumba inayopigiwa siwa mlangoni huhesabiwa ya heshima, yenyewe na kizazi chake. Na siwa yenye ufa italia mara moja tu, kisha itapasuka; wazee wakataka ipigwe mlangoni mwa aliyeuokoa mji.

"Nimefikisha mabibi harusi mia," akasema Zaharia, "na mimi niliolewa kimya kama mwizi. Bila mimi mngeijua njia?"

"Njia yenye ukuta," akajibu Mzaki. "Binti yangu amekataliwa juzi, eti kwetu siwa haijalia. Nifanye nini zaidi?"

Kae alikuwa amelala kizingitini kwake, damu haikatiki. "Milango ya watu nimeipigia mingi," akanong'ona. "Wangu haujawahi kuisikia."

Mpigaji mwingine amesimama njiani, siwa iko mdomoni, anangoja neno la wazee. Pumzi za Kae zinazidi kuwa fupi.

Haya, msinitazame mimi. Apigie mlango wa nani?