Bangili za Shemeji

Hapo zamani, si zamani ya majini bali ya juzijuzi, watu wa Tanga walipokuwa bado wakipiga pasi nguo za kwendea ukumbini, palikuwa na mwandishi, jina lake Sikudhani. Aliandika hadithi ya upelelezi. Bwana mmoja ananyweshwa sumu, na kabla ya kukata roho anatamka neno moja: "Shemeji!"

Kitabu kilikuwa bado hakijachapwa, ila msomaji yeyote angemshuku kaka wa mke wake. Kumbe muuaji ni dada wa mke wake. Naye si shemeji? Kitabu kizima muuaji aliingia, akamimina, akatoka, na Kiswahili chetu hakikumwambia mtu kama aliyeingia kavaa kanzu au gauni.

Akaja Rweyongeza, mtengeneza filamu. "Dada Sikudhani, kiigizeni kwanza jukwaani. Nitakaa na watazamaji. Wasipomjua muuaji mpaka mwisho, natengeneza filamu. Wakimjua mapema, tusisumbuane."

Tangu hapo, kwa kuogopa siri isivuje, Sikudhani hakumwamini mtu. Alimtilia shaka hata fundi wa taa, kwa sababu alikuwa akitabasamu.

Elifuraha, mwongozaji wa michezo ya jukwaani, akakigeuza kitabu kuwa mchezo. Muuaji akampitisha nyuma ya shuka, kivuli kitupu. Mwanakombo akapewa nafasi ya dada mtu. Akaambiwa avue viatu asisikike, akavua. Akaambiwa avue bangili, akanuna. "Hizi kanivisha bibi yangu. Sizivui."

Siku ya onyesho ukumbi ukajaa. Kivuli kikapita. Bangili zikalia: cheng! Watu wakanong'ona, "Mwanamke huyo!" Lakini mwanamke yupi? Mke yumo, dada mtu yumo, mpishi yumo. Bwana akanywa, akashika koo: "Shemeji!"

Hapo Shekue, mume wa Sikudhani, akaruka kitini. "Mwanamke, tena shemeji! Si dada mtu huyo!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Rweyongeza akachukua kofia yake, akatoka.

Nyuma ya jukwaa Sikudhani akauliza, "Nani kaniulia mchezo?"

"Si mimi," akasema Mwanakombo. "Bangili zangu zilisema mwanamke, hazikutaja jina. Muulize Elifuraha. Kitabuni muuaji haonekani wala hasikiki. Nani alimtuma ampitishe mbele za watu?"

"Watu hawaji ukumbini kusomewa kitabu," akasema Elifuraha. "Lazima waone kitu. Na kivuli hakina sauti. Sauti umeileta wewe na ubishi wako. Halafu, dada Sikudhani, ukumbi mzima ulisikia yaleyale. Mbona aliyejua ni mume wa mwenye siri?"

Shekue akawaka. "Sikuambiwa na mtu! Nimeunganisha mwenyewe. Mnawaita watu waje kupeleleza, anayepeleleza mnamwita mkosaji?"

"Kupeleleza si kupiga kelele, shemeji," akasema Mwanakombo.

Wote wakamgeukia Sikudhani. Yeye hakumwambia mtu, hilo aliliapia. Lakini alipokuwa akiandika alikuwa akijisomea kwa sauti jikoni, na Shekue alikuwa papo hapo, redio sikioni.

"Baba Rehema," akauliza polepole, "kule jikoni ulikuwa unanisikia?"

"Mimi? Nilikuwa nasikiliza mpira."

"Mpira gani, kila siku?"

Shekue akaangalia dari.

Basi filamu haikutengenezwa. Haya, nyinyi mliokaa kimya kama hamjawahi kumshuku mtu: yuko mwenye bangili, yuko mwenye kivuli, yuko mwenye mdomo, na yuko mwenye siri asiyeweza kuandika kimya kimya. Msinitazame mimi. Je, ni nani aliyeuua mchezo?