Ufito wa Tumpe

Sogeeni mkekani, wajukuu zangu. Mwenye sikio alitege, asiye nalo aazime la jirani. Niseme nisiseme?

"Sema, Bibi!"

Basi nasema. Hapo kale, kale ambayo yenyewe ilikuwa bado inanyonya, palikuwa na kijiji kiitwacho Lisungu, kimebanwa kati ya mlima na Ziwa Nyasa kama nguo iliyobanwa mlangoni. Nyuma mlima, mbele maji. Ukiogopa, ukimbilie wapi?

Hapo aliolewa Tumpe. Alikuwa binti wa juu, wa huko mawinguni kwenye mianzi. Hakujua kuogelea, hakujua kasia, alijua kulima ulezi tu. Akaolewa na Kyusa mvuvi, Kyusa akamfundisha kasia, wakapata mtoto, wakamwita Gwakisa. Mtoto hajaota hata jino, Kyusa akaingia ziwani asubuhi, peke yake. Mtumbwi ukarudi. Kyusa hakurudi.

Mtumbwi ulirudi wenyewe, watoto. Kasia limo, mtu hamo.

Sasa Lisungu walikuwa na desturi yao. Mtumbwi uliomwacha mwenyewe majini haukaliwi na mtu. Hupinduliwa mchangani, tumbo juu, mpaka mtu wa nyumba hiyo aushushe, aingie nao ziwani, arudi na mbasa. Mnamjua mbasa? Samaki wa fedha, mrefu kama mkono wa mtu mzima, ana hasira kama nyigu, na masika yakianza hupanda mtoni kwenda kutaga. Huyo ndiye samaki wa kuondoa matanga. Akiletwa, mtumbwi umetakata, mjane ni mtu wa nyumba, na aliyekufa amekufa. Jina lake haliitwi tena juu ya maji. Lakini mbasa wakipanda mtoni bila kuletwa hata mmoja, mtumbwi unachomwa moto na mjane anarudishwa kwao. Mtoto anabaki. Mtoto ni wa ukoo wa baba.

Anarudi mlimani mgongo mtupu. Mmesikia? Mgongo mtupu.

Tumpe akamwendea shemeji yake, Lupakisyo, mdogo wake Kyusa. Hofu ilimfanya aseme kama mtu anayekimbizwa. "Shemeji, nisindikize tu, wewe ukae mbele ushike mshipi, kasia nitapiga mimi, hata ukitaka kulala lala, hatuendi mbali, ni hapo kwenye mwamba tu, halafu tunarudi, nakuomba shemeji, nakuomba."

Lupakisyo akarudi nyuma. "Nikae alipokaa marehemu? Weee! Shemeji, mimi bado sijaoa."

"Na ukikaa hapo huoi tena!" akadakia kijana mwingine wa ufukweni, wenzake wakacheka. Hawakuwa watu wabaya, wajukuu zangu. Waliogopa, na mtu mwenye hofu hucheka haraka.

Tumpe akarudi nyumbani peke yake, akakaa peke yake, akawaza peke yake. Mbasa hafuati chambo kilicholala. Anataka kitu kinachokimbia, kwa hiyo mtumbwi lazima uende na mshipi uvutwe nyuma yake. Kasia linataka mikono yote, mshipi unataka mikono yote, na mgongo umeshachukuliwa na mtoto. Watu wa Lisungu walimvua mbasa wawili wawili tangu enzi za mababu, na yeye hana wa pili. Akasema moyoni: basi nitamtengeneza huyo wa pili. Nitamtengeneza kwa mti, anishikie mshipi.

Akakata mti mgumu, ule wa makasia, maana kila mtu Lisungu alisema mbasa ni dume, hapambani naye ila mti mgumu. Akaufunga mtumbwini kwa magome, akakaza, akakaza mpaka vidole vikavimba. Mshipi aliusokota mwenyewe pajani, nyuzi za katani pori. Akaingia ziwani, akapiga kasia, mbasa akauma. Pyaa! Mshipi ukakatika kama utando wa buibui. Ule mti haukutikisika hata kidogo, umesimama pale kama mgeni asiyejua kuna msiba.

Akajaribu mwanzi mnene. Mwanzi ukapinda kidogo, moyo wake ukaruka, kisha kaaa! ukavunjika palepale alipoukaza. Mbasa akaondoka na kipande.

Ufukweni Lupakisyo akapiga yowe, "Shemeji, mbasa anajenga nyumba huko! Mpelekee na nyasi!"

Na mawingu ya masika yalikuwa yameanza kukaa mlimani. Na usiku Tumpe akimnyonyesha mtoto alikuwa akimhesabu vidole vya miguu, kimoja kimoja, kana kwamba kuna mtu anakuja kuvichukua.

Mama mkwe wake, Bibi Nsale, alikuwa mfinyanzi. Tangu mtumbwi urudi mtupu hakuwa akisema na Tumpe ila neno la lazima: maji, kuni, moto. Asubuhi moja vijana walikuwa wakipakia vyungu vyake kwenye mtumbwi wa kwenda kuuza ng'ambo ya ghuba, na kijana mmoja anavifunga kwa nguvu zake zote. Bibi Nsale akamfokea.

"We! Unakikaza hivyo, chungu kimeiba? Ukikikaza, wimbi la kwanza tu kinapasuka. Kilaze kwenye nyasi, kifunge kicheze. Wimbi likija kiende nalo, likiondoka kirudi."

Tumpe alikuwa anateka maji. Mtungi ukajaa, ukamwagika, yeye amesimama tu.

Siku ile ile akapanda mlimani, mtoto mgongoni, mpaka kwenye mianzi ya kwao. Hakuchagua mnene. Alichagua ule uliokulia kivulini, mrefu, mwembamba, ambao ukiushika ncha inatetemeka kama inaogopa pamoja nawe. Akaunyoosha juu ya makaa, akaukwangua kwa kigae, akaupaka mafuta ya mbarika usikauke ukapasuka. Chini, pa kushikia, akachomeka mti mgumu ndani ya tundu la mwanzi, akazungushia kano la ng'ombe, akaziba kwa utomvu. Basi ukawa ufito, mgumu shinani, laini nchani, na kati yake ukawa unalainika taratibu.

Hakuufunga mtumbwini. Aliulaza kwenye panda ya mti iliyofunikwa magome ya mgomba, ncha ikatoka ubavuni, mbali, kama pembe ya panzi, ili mshipi usiguse kasia wala usipite katika maji yaliyovurugwa na mtumbwi. Shina akalipitisha chini ya paja lake, kwa kitanzi kilicholegea. Mpiga kasia hutazama mbele, haoni nyuma. Paja ndilo litakaloona.

Na chambo? Alikaa kwenye maji ya kina kifupi akiwatazama usipa, vile visamaki vinavyoliwa na mbasa: vinakimbia, vinasita, vinakimbia. Akafunga manyoya meupe ya jogoo kwenye ndoana, na unyoya mmoja mweusi juu kuwa mgongo. Akaiburuta majini. Manyoya yakajibana, yakafunguka, yakajibana. Yakapumua!

"Leo mbasa atakula kuku," akasema Lupakisyo.

"Amsongee na ugali kabisa!" akadakia mwingine.

Asubuhi ya kwenda, Bibi Nsale akasimama mlangoni. "Usiende."

"Mama, wataninyang'anya mtoto."

"Ukimleta huyo samaki, mwanangu amekufa." Bibi akatazama ziwa. "Mpaka sasa hajafa. Amechelewa tu."

Eh, wajukuu zangu. Mngejibu nini? Tumpe naye kila jioni alikuwa akisikiliza kasia la Kyusa. Akamkaza mtoto mgongoni, akapita ubavuni mwa mama mkwe wake bila kumgusa, akaenda.

Piga, vuta, sikiliza. Piga, vuta, sikiliza. Kijiji kikawa kidogo, watu wakawa sisimizi, kicheko kikakatika. Kukawa na maji tu, na pumzi ya mtoto shingoni mwake. Kila alipovuta kasia, mtumbwi ukaruka na manyoya yakakimbia. Kila alipoinua, manyoya yakasita. Piga, vuta, sikiliza. Alikuwa akiongea na mtoto haraka haraka, tunarudi sasa hivi, ona ndege yule, usilie, mama hajalia, ona hajalia.

Paja likashtuka.

Mkono wake ukaruka kwenda kuukamata ufito, maana hofu, watoto, haijui kazi nyingine ila kukamata. Akauzuia. Akashika kasia kwa mikono yote, akapiga. Ufito ukainama mpaka ncha ikanywa maji. Ukakaa hapo. Ukainuka. Ukainama tena. Mbasa akaenda nao akarudi nao, akaenda akarudi, na kila alipoenda alirudi na nguvu pungufu. Tumpe akapiga kasia, akapiga kasia, mpaka yule samaki akalala ubavu, anang'aa, hana la kusema.

Hapo akaacha kasia. Ilibaki kuvuta mshipi tu.

Na mkono haukuvuta. Alijua akimwingiza samaki yule mtumbwini, lile jina haliitwi tena. Akatazama maji. Akaita kwa sauti yake yote, "Kyusaaa!"

Ziwa kimya. Akaita tena. Mlima ukamrudishia kidogo, kisha nao ukaacha. Gwakisa akaamka mgongoni, akaanza kulia, ana njaa.

Tumpe akavuta mshipi.

Alipofika ufukweni hakuna aliyecheka. Mzee Mbwiga, mkubwa wa ukoo, akampokea samaki kwa mikono yote miwili, akageukia ziwa, akasema, "Matanga yameondoka." Akageukia watu. "Mtumbwi ni safi. Huyu ni mke wa nyumba hii, na mtoto ni wake." Lupakisyo akainama, akaubeba ufito begani polepole kama abebaye mtoto wa mtu, akaupeleka nyumbani.

Bibi Nsale peke yake hakumtazama samaki. Alikwenda kukaa na vyungu vyake, akaupa kijiji mgongo, na usiku ule nyumba ile ilikuwa na wanawake wawili wanaolia, kila mmoja upande wake wa ukuta.

Asubuhi Tumpe akashusha mtumbwi. Akasikia maji yanakanyagwa nyuma yake. Bibi Nsale akapanda, akaketi mbele, mahali pa mwanawe, akanyoosha mikono.

"Nipe mtoto," akasema. "Utapigaje kasia vizuri na mzigo mgongoni?"

Wakaenda. Watu wa Lisungu wanasema waliendelea hivyo miaka yote, wapweke wawili katika mtumbwi mmoja, na ufito kati yao ukiinama na kuinuka.

Basi shikeni hili, wajukuu zangu: zito likikujia, usidhani kulikaza ndiko kulishika. Liache lipinde, nawe piga kasia. Na ukimwona mwenzako yuko peke yake majini, usisubiri avue kwanza ndipo upande.

Yangu yametia nanga hapa. Aliyesikia ambebee aliyesinzia. Nami niacheni nipumzishe ulimi.